Maisha ya Frederick Lanchester, mtu wa freni za shaba

Watu wa Katanga wanajua shaba sawa vile mkulima anajua muhogo. Wanajua inatoka wapi, inayeyushwa namna gani, inapanda lori gani kwenda Kasumbalesa. Lakini shaba kuwekwa ndani ya freni za motokari, ibane diski mpaka gurudumu lisimame, hiyo wengi hawajaisikia. Mtu aliyefanya vile aliitwa Frederick William Lanchester, Mwingereza. Freni zake zilishika, lakini zililia kwa sauti kali mbaya sana. Leo tunaeleza maisha yake, juu ya kila fundi mwenye kufungua gurudumu pale Katuba ao Kolwezi anashika wazo la huyu bwana mkononi, na jina lake halijui.

Alizaliwa London tarehe 23 Oktoba 1868, mtoto wa nne katika watoto nane. Baba alikuwa mchoraji wa nyumba, mama alifundisha hesabu na Kilatini. Familia ilihamia Hove, mji ulio pembeni ya bahari, na kule mtoto alikomalia. Alisoma Southampton, kisha akaingia shule kubwa ya sayansi ya London, na usiku akafuata masomo ya mashini mahali pengine. Diploma hakupata. Alitoka mikono mitupu, na akili mingi.

Mwisho wa mwaka 1888 alipata kazi Birmingham, mji wa viwanda, kwenye sosiete iliyotengeneza moteri za gesi. Hapa kuna jambo tunalipenda sana katika maisha yake. Walimletea kontra atie sahihi. Ndani yake kulikuwa na mstari wenye kusema kwamba kila kitu kipya atakachovumbua akiwa kazini kitakuwa mali ya sosiete. Kijana wa miaka 20, mwenye kuhitaji kazi, angeweza kutia sahihi na kunyamaza. Lanchester alisoma karatasi yote, akachukua kalamu, akaufuta ule mstari, kisha ndipo akatia sahihi. Mwaka uliofuata alivumbua kifaa cha kuongoza mwendo wa moteri isikimbie kupita kiasi. Sosiete ilikifunga kwenye moteri zake, na kwa kila kimoja Lanchester alilipwa shilingi 10, ndiyo nusu ya pauni ya wakati ule. Wanaotia sahihi kontra usiku usiku, juu ya gari la kuwapeleka mgodini linaondoka asubuhi, wafikiri kidogo juu ya ile kalamu.

Nyuma ya hapo alivumbua namna ya kuwasha moteri kubwa za gesi bila kuzizungusha kwa nguvu za mikono, akaiuza haki yake kwa sosiete nyingine kwa pesa nzuri. Pesa ile ilimpa nafasi ya kufanya mambo yake mwenyewe. Motokari ya kwanza aliimaliza mwaka 1896, akiwa pamoja na mdogo wake George. Katika Uingereza ya wakati ule sheria ilikuwa inataka mtu atembee kwa miguu mbele ya gari lenye moteri, na mwendo usipite maili 4 kwa saa, kama kilometa 6. Sheria ile ilifutwa mwisho wa mwaka uleule.

Motokari ya kwanza ilikuwa na silinda moja, na nguvu kidogo. Akatoa moteri ile, akatia nyingine ya silinda mbili. Hii ya pili ilikuwa na mihimili miwili yenye kuzunguka, mmoja ukienda huku, mwingine ukienda kule, ili mtetemo wa huyu umalizwe na mtetemo wa yule. Motokari za wakati ule zilitikisa mtu mpaka meno. Ya Lanchester ilitulia. Tunaomba msomaji aweke jambo hili kichwani: maisha yake yote huyu bwana alipigana na mtetemo, kila mahali alipoukuta.

Mwezi Desemba 1899 alifungua sosiete yake Birmingham pamoja na ndugu zake. Yeye alichora, George alisimamia kazi ya mikono, Frank aliuza. Alitengeneza vipimo vyake mwenyewe ili kila piesi iingie ndani ya kila motokari bila kusuguliwa tena na tupa. Leo tunaona hiyo ni kawaida, tunaenda dukani kuuliza piesi ya modeli fulani na inaingia. Wakati ule fundi alikuwa anakaa na tupa siku nzima, na piesi ya gari hili haikuingia kwa lile.

Sasa tunafika kwenye freni. (Wengine husema breki, ni kitu kimoja.) Motokari za kwanza zilisimamishwa na kipande cha mti chenye kusugua gurudumu, ao mkanda wa ngozi uliozungushwa juu ya ngoma ya chuma. Mti ulichakaa, ngozi iliungua, na mvua ikinyesha mkanda uliteleza. Mwaka 1902 Louis Renault, Mfaransa, alileta freni ya ngoma yenye viatu ndani, ile tunayoiona mpaka leo kwenye magurudumu ya nyuma ya motokari mingi. Mwaka uleule Lanchester aliandikisha hati ya uvumbuzi ya freni ya diski: sahani nyembamba ya chuma yenye kuzunguka, na vipande viwili vyenye kuibana kutoka pande mbili, sawa vidole viwili vinavyobana karatasi.

Wazo lilikuwa zuri kabisa. Shida ilikuwa kile kipande chenye kubana. Kiwe cha nini? Mti ungeungua. Ngozi vilevile. Vitu vya kuchagua vilikuwa vichache, basi akashika shaba. Inapeleka moto mbali upesi, na ni laini kuliko chuma, kwa hiyo haili diski. Haikuwa shaba ya kwetu: mwaka 1902 Union Minière ilikuwa haijazaliwa, na tanuru ya Lubumbashi iliwaka paka mwaka 1911.

Shaba juu ya chuma ilisimamisha gari, lakini mambo mawili yaliishinda. La kwanza ni vumbi. Barabara za Uingereza wakati ule hazikuwa na lami, zilikuwa za mawe na mchanga. Vumbi liliingia katikati ya shaba na diski, likasaga shaba upesi sana. Mwenye kuendesha gari kati ya machimbo wakati wa kiangazi, lile vumbi jekundu likisimama kama ukuta, haombi tumweleze zaidi. La pili ni ule mlio.

Juu ya nini freni inalia? Kwanza tujue kwamba sauti yote ni mtetemo. Mwalimu akiandika na chaki kavu, chaki inashika ubao kidogo, inaachia, inashika tena, mara mingi sana kwa sekunde moja, na watoto wanaziba masikio. Freni ni vilevile. Plaketi inashika diski, inaachia, inashika, na diski, kwa kuwa ni sahani ya chuma, inaimba sawa kengele. Shaba ya Lanchester ilishika na kuachia kwa nguvu, na hakukuwa kitu laini nyuma yake cha kumeza mtetemo. Ndiyo maana ilipiga kelele. Mtu aliyetuliza moteri hakuweza kutuliza freni yake mwenyewe.

Hata leo, nyuma ya miaka zaidi ya 100, fundi mzuri anasikiliza mlio mbele ya kufungua gurudumu. Mlio wa asubuhi, hasa nyuma ya usiku wa mvua, wenye kunyamaza ukikanyaga freni mara tatu nne, ni kutu nyepesi juu ya diski. Hakuna haja ya kutoa pesa. Mlio mwembamba wenye kusikika gari likitembea, na kubadilika ao kukoma ukikanyaga, mara mingi ni kile kichuma kidogo kilichowekwa makusudi kwenye plaketi ili kiguse diski plaketi inapobaki milimeta mbili tatu tu. Kinaita mtu. Asiyekwenda ataisikia sauti ya pili, ya kusaga, sawa jiwe ndani ya kinu. Hapo plaketi imekwisha, ni chuma juu ya chuma, diski inachimbwa mistari, na gari lile lisipande barabara tena mpaka litengenezwe.

Kuna mlio mwingine wa shofere mwenye kushuka mlima na mzigo mzito, mguu wake ukikaa juu ya freni tangu juu mpaka chini. Plaketi inapata moto, uso wake unang'aa sawa kioo, nyuma ya hapo inalia na haishiki vizuri. Kama haikuungua sana, fundi anaweza kuikwangua kidogo na karatasi ya msasa. Kama imeungua, ibadilishwe, na ibadilishwe pande zote mbili, kushoto na kulia, gari lisivutwe upande mmoja. Tena kuna zile pini mbili zinazoacha kishika-plaketi kiteleze. Zikikauka ama zikijaa udongo, plaketi moja inabaki inasugua wakati wote. Zinasafishwa, zinatiwa grisi ya freni yenye kuvumilia moto, kidogo tu, kwenye pini na mgongoni mwa plaketi. Usoni hapana.

Tunasema usoni hapana kwa sababu tumeona watu wenye kumwaga mafuta juu ya diski ili inyamaze. Inanyamaza kweli. Inanyamaza juu haishiki tena. Gari lililojaa wafanyakazi wa zamu ya usiku, limenyamaza vizuri, linashuka kwenye roho ya watu sokoni. Lanchester aliishi na kelele yake kuliko kuua freni, na katika hilo tunampa haki.

Dawa ya mlio haikutoka kwake. Ilitoka kwa Mwingereza mwingine, Herbert Frood, wa kule Derbyshire, mahali pa milima. Frood aliona wenye mikokoteni ya farasi wakipigilia kiatu kikuukuu kwenye kipande cha freni wakishuka mlima, gurudumu lishikwe bila kuteleza. Kutoka kiatu kile akaanza kujaribu vitambaa na gundi ndani ya kibanda cha bustani, na mwaka 1897 ikazaliwa kazi iliyopata jina la Ferodo: ni herufi za jina Frood zilizogeuzwa, pamoja na E ya mke wake, Elizabeth. Mwaka 1907 hivi akafika kwenye amianti, wengine huita asbesto. Amianti haiungui, inashika, na inameza mtetemo. Plaketi zilinyamaza. Dunia nzima ikafuata, motokari, malori, lifti, hata mashini za kuvutia ndoo migodini.

Na watu wakafa. Vumbi la amianti lina nyuzi ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na ugonjwa unaonekana nyuma ya miaka 20, 30, hata 40, kansa na mapafu kukauka. Uingereza yenyewe iliikataza kabisa mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005. Mchimbaji anajua vumbi la jiwe linafanya nini kwa kifua. Asifikiri lile la garaji ni rafiki. Plaketi za zamani, na zile za bei ndogo zisizo na jina wala alama, hakuna anayeweza kuziapia kwamba hazina amianti. Basi ile desturi ya kupuliza freni kwa kompresa, ao kwa mdomo, mbele ya watoto waliosimama kuangalia, iachwe. Lowesha kwanza na maji, pangusa na kitambaa chenye maji, kitambaa kitupwe. Hii si kazi ya pesa mingi.

Turudi kwa bwana wetu. Motokari zake zilisifiwa. Hata mwandishi Rudyard Kipling, yule aliyeandika hadithi za Mowgli, alinunua. Lakini sosiete ilikuwa na mtaji mdogo na mabosi wengi, na mwaka 1904 ilifilisika. Ilifunguliwa tena na jina jipya, kazi ikaendelea, ila Lanchester hakuwa tena mwenye neno la mwisho. Kidogo kidogo alijitenga, mwaka 1909 akawa mshauri wa Daimler ya Uingereza. Ile freni ya diski iliachwa, watu wakarudi kwenye mikanda na ngoma.

Yeye aliendelea na vita yake ya mtetemo. Moteri ya silinda nne ina mtikisiko wake ambao hautoki hata ukiifunga vizuri namna gani. Lanchester aliweka ndani yake mihimili midogo miwili yenye uzito upande mmoja, ikizunguka mara mbili ya mwendo wa moteri, mmoja ukipingana na mwingine, na mtikisiko ukaisha. Wazo lile lililala miaka mingi. Mitsubishi walilirudisha miaka ya 1970, na leo limo ndani ya moteri mingi zenye kupita hapa kwetu. Alitengeneza vilevile kifaa cha kutuliza mhimili mkubwa usijinyonge, nacho kinabeba jina lake mpaka sasa.

Mambo ya ndege tutayapita haraka, ingawa wenye elimu wanasema pale ndipo alikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1897, mbele ya ndege yoyote yenye moteri kupaa na mtu, alikuwa amekwisha kueleza kwenye karatasi jinsi bawa linavyoshikwa na hewa, na wakubwa wa sayansi wa London walikataa kuichapisha. Alitoa vitabu viwili, mwaka 1907 na 1908. Wajerumani walivisoma kwa uangalifu kuliko watu wa kwao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliandika hesabu ya namna majeshi yanavyomalizana, na hesabu ile makamanda wanaijifunza hata leo.

Heshima zilikuja: daktari wa heshima wa chuo kikuu cha Birmingham mwaka 1919, mwanachama wa Royal Society mwaka 1922. Mwaka uleule wa 1919 alioa, akiwa na miaka 50, binti wa mchungaji aliyeitwa Dorothea. Watoto hawakupata. Pesa nayo haikukaa. Mwaka 1925 alifungua maabara yake, akatengeneza vipaza sauti vya redio (mtetemo tena, lakini safari hii ule mtamu), kisha ugonjwa wa Parkinson ukamshika mikono, macho yakaingia giza, na kazi ikasimama. Mkono uliofuta mstari wa kontra haukuweza tena kuchora. Sosiete yenye jina lake ilinunuliwa na wengine mwaka 1931. Aliyeacha hati za uvumbuzi kwa mamia alibaki ndani ya nyumba yake Birmingham kwa msaada wa watu wa kazi yake, waliomhurumia. Mwaka 1945 wakubwa wa enjenieri za mashini walimpa medali ya James Watt. Alikufa tarehe 8 Machi 1946, akiwa na miaka 77.

Miaka saba nyuma, Juni 1953, kule Le Mans, Ufaransa, kwenye mashindano ya saa 24, motokari za Jaguar ziliingia na freni za diski. Wengine walianza kupunguza mwendo mbali mbele ya kona, kwa kuogopa ngoma zao kupata moto; Jaguar zilifika karibu na kona ndipo zikakanyaga. Zilishinda. Mwaka 1955 Citroën waliweka diski mbele kwenye DS yao, ile wazee wetu waliipenda juu ilikuwa inajiinua yenyewe ikiwashwa.

Na shaba haikutoka kabisa. Plaketi mingi za siku hizi zina unga na nyuzi za shaba zilizochanganywa na vitu vingine, kwa sababu ileile aliyoiona Lanchester: inabeba moto mbali. Huko Marekani, majimbo ya California na Washington yameweka sheria ya kuipunguza mpaka karibu iishe, maana vumbi lake linaoshwa na mvua, linaingia mitoni na kudhuru samaki. Viwanda vya plaketi sasa viko vinatafuta kitu kingine cha kuweka mahali pake.